Gofu ya hisani ya kumkumbuka shujaa, Mtwara na Lindi: mwongozo kamili kuanzia kikao cha familia hadi hesabu ya mwisho

Siku za michezo za kumkumbuka marehemu huharibika sehemu zilezile. Kiingilio kinaliwa na fulana na mahema. Mgeni rasmi anasubiriwa mpaka jua linawaka na upepo umeamka. Halafu kipazani linatangazwa fungu kubwa, nusu yake ikiwa ni ahadi, na mjane anabaki kuulizwa sokoni amezifanyia nini hela ambazo hajaziona.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuzuia hayo. Zinahusu mashindano ya asubuhi moja: mashimo 9, timu 9 za watu wanne wanne, yaani wachezaji 36, kwenye uwanja wa muda. Hamhitaji uwanja wa gofu wa kudumu, wala wachezaji wote kuwa wajuzi. Shujaa anaweza kuwa askari, zimamoto, mvuvi aliyezama akiokoa wenzake, au muuguzi. Taratibu hazibadiliki sana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutangaza

Uwanja
- Eneo la wazi la ekari 10 hivi (hekta 4), bila nyumba wala barabara upande mipira inakoelekea
- Mchanga mita za ujazo 13. Kwa tipa ya mita 5 ni tripu tatu. Kama ardhi yenyewe ni ya kichanga, mtahitaji pungufu
- Udongo wa kichuguu uliochekechwa, mita za ujazo 3 hivi
- Tangi la maji la lita 1,000 na ndoo
- Bomba la plastiki la inchi 4 (milimita 110), vipande 9 vya sentimita 15
- Mianzi 9 ya mita 2 na vitambaa vya bendera
- Kamba, chokaa, reki 9 na magunia 9 ya katani

Vifaa vya kuchezea
- Fimbo 27: kila timu chuma namba 9 moja (ya kupiga mbali), weji moja (ya kuinua mpira juu kwa karibu) na fimbo moja ya kusukumia mpira ukikaribia shimo. Ongeza tatu za mkono wa kushoto
- Mipira dazeni 7 (84): sita kwa kila timu, 30 ya akiba
- Vipande 9 vya zulia, sentimita 30 kwa 60
- Kadi za alama, kalamu na saa mbili

Watu
- Kamati ya watu saba, si zaidi
- Msimamizi mmoja kwa kila shimo (9), wahesabu fedha wawili, mtu wa huduma ya kwanza na gari lenye dereva asiyecheza

Fimbo ndizo hukwamisha. Zikiazimwa Dar es Salaam, ziandikeni moja moja, zipigwe picha, zifungwe kwenye mifuko na zije kama kifurushi cha basi siku tano kabla. Zikija siku moja kabla na basi likaharibika njiani, mtabaki na bendera tu.

## Hatua ya 1: Familia kwanza (wiki 10 kabla)

Msichapishe hata bango moja kabla familia haijakubali. Nendeni watu watatu, mmoja awe mtu mzima anayejulikana na ukoo ule.

Hapa wageni wa mikoa hii hukosea: wanaongea na mjane na kaka wa marehemu, wanadhani wamemaliza. Jamii nyingi za huku, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, zinafuata ukoo wa mama. Mjomba ana neno. Akisikia habari barabarani kwamba jina la mpwa wake linachangishiwa fedha, shughuli inaweza kuzimwa wiki ya mwisho, na atakuwa na haki.

Kikao kitoke na karatasi moja yenye mambo manne:

1. Jina na picha gani ya marehemu itumike.
2. Nani atanufaika, kwa majina: mjane, watoto, mama mzazi.
3. Msaada utolewe kwa namna gani.
4. Nani wa familia ataingia kwenye kamati ya fedha.

Jambo la tatu lisipite haraka. Wafadhili wengi husema "tutawalipia watoto ada", ilhali shule za serikali hazitozi ada. Kinachoumiza ni sare, viatu, godoro na vifaa vya bweni, mchango wa chakula, daftari na nauli. Ulizeni, andikeni kila kitu na kiasi chake. "Magodoro mawili, sare jozi nne, nauli ya mihula miwili" huchangiwa haraka kuliko "kusaidia yatima".

Kama marehemu alikuwa askari, ombeni ruhusa ya kikosi chake kabla ya kutumia picha yake akiwa kwenye sare, nembo au cheo. Msitengeneze fulana zenye mabaka kama ya jeshi. Mkitaka kuweka shada kwenye makaburi ya mashujaa ya Naliendele, Mtwara, hilo nalo linaombewa ruhusa peke yake, mapema.

Dalili ya kufaulu: karatasi ina sahihi za pande zote mbili za familia, na mmoja wao amejiunga na kamati bila kusukumwa.

## Hatua ya 2: Tarehe (wiki 9 kabla)

Wengi hukimbilia tarehe 25 Julai kwa sababu ni Siku ya Mashujaa. Siku hiyo viongozi na vyombo vya ulinzi wana shughuli zao, nanyi mtakosa gari, kipaza sauti na mgeni. Chukueni Jumamosi iliyo karibu, kabla au baada. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti kuna maonyesho ya Nanenane. Lindi watu na mahema huhamia viwanja vya maonyesho vya Ngongo.

Juni hadi Septemba ni kipindi kikavu, ndiyo faida yake. Hasara ni mbili. Ya kwanza ni kusi, upepo unaozidi nguvu kadiri mchana unavyokaribia. Ya pili ni kwamba wakulima wa korosho wakati huo wanatoa hela, hawapokei: salfa (dawa ya unga ya mikorosho), vibarua, mashine za kupulizia. Hela ya minada ya korosho huanza kuonekana Oktoba na kuendelea. Kwa hiyo mkulima wa Tandahimba au Newala mwombeni ahadi ya Novemba, mfanyabiashara wa mjini mwombeni taslimu ya Julai.

Kusubiri Novemba ili mcheze hela ikiwapo ni kishawishi, lakini mvua za kwanza zitakula mchanga wenu. Epukeni pia Ramadhani na Ijumaa.

## Hatua ya 3: Barua na ruhusa (wiki 8 kabla)

Mtendaji wa kata, afisa michezo wa halmashauri au manispaa, mwenye eneo, na polisi. Barua nne, kila moja na nakala inayogongwa muhuri wa kupokelewa. Taarifa ya polisi isisubiri siku mbili za mwisho.

Msiweke bahati nasibu. Inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kwa Waislamu, ambao ni wengi katika pwani hii, ni kamari iliyovaa kanzu. Mfadhili wa pombe naye hupunguza wachangiaji kuliko anavyowaongeza. Badala yake fanyeni mnada, kama hatua ya 8 inavyoeleza.

## Hatua ya 4: Fedha, mifuko miwili isiyokutana

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu.

Mfuko wa gharama hupokea udhamini wa mashimo na misaada ya vitu: maji, tipa, mahema, chai. Mfuko wa familia hupokea kiingilio cha timu, mnada na michango ya watu. Shilingi ya mfuko wa familia hainunui hata chupa ya maji.

Chukueni mfano. Timu moja inalipa sh 200,000, yaani sh 50,000 kwa mtu. Timu 9 ni sh 1,800,000, zote za familia. Mashimo 8 yanadhaminiwa kwa sh 300,000 kila moja, jumla sh 2,400,000. Hiyo ndiyo bajeti yenu ya gharama, na hakuna nyingine. Shimo la 9 haliuzwi. Linabeba jina la marehemu peke yake, bila bango la duka la mtu.

Siku 14 kabla, hesabuni mfuko wa gharama. Haujatosha? Punguzeni shughuli. Kata fulana kwanza: fulana 100 za sh 12,000 ni sh 1,200,000, sawa na kiingilio cha timu sita. Kitambaa cha mkononi kinatosha kutambulisha timu. Kata hema la pili. Kata pilau, bakisheni chai, mihogo na maji.

Fedha zipite kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, au Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Namba binafsi ya mwenyekiti isionekane kwenye bango lolote, hata kama mwenyekiti ni sheikh au padri. Mtu hashukiwi kwa sababu ni mwizi. Hushukiwa kwa sababu hela za watu zimelala kwenye simu moja na hela zake za umeme.

Kiongezeo kimoja kizuri ni mkwaju wa kununua: mchezaji aliyeharibu anarudia kwa sh 5,000, mara mbili tu kwa asubuhi nzima. Wachezaji 36 wakitumia nafasi zote ni sh 360,000. Uzeni kabla ya mchezo, kwa tiketi za karatasi. Kuuza uwanjani kunachelewesha na chenji inapotea.

Dalili ya kufaulu: mtu yeyote wa kamati akiulizwa "kiingilio changu kinakwenda wapi?" anajibu kwa sentensi moja.

## Hatua ya 5: Kupima uwanja (wiki 3 kabla)

Mpira wa gofu una uzito wa gramu 46 hivi na ni mgumu kama jiwe. Uwanja mmoja wa mpira wa miguu hautoshi mashimo 9 ya mipira halisi. Kama ndio mlio nao, tumieni mipira ya sponji na mashimo mafupi, na msione haya.

Kwenye ekari 10, pangeni hivi:

- Kila shimo, yaani njia yote kutoka sehemu ya kupigia hadi kwenye bendera, liwe na urefu wa mita 60 hadi 90. Pimeni kwa kamba, si kwa hatua.
- Kutoka mstari wa katikati wa shimo moja hadi la jirani, mita 35 au zaidi.
- Sehemu ya kupigia ya shimo moja isitazamane na shimo jingine.
- Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Shimo linalopigwa kuelekea kaskazini litasukuma mipira mbali kuliko mlivyopima, kwa hiyo lifanyeni fupi na nyuma yake pawe patupu.

Mikorosho ndani ya uwanja si tatizo. Ni kivuli na ni kizuizi kizuri cha mchezo. Ila ulizeni mwenye shamba anapulizia salfa lini. Unga wake unawasha macho, na hakuna atakayekaa chini ya mti ulionyunyiziwa jana.

Tembeeni eneo lote mkiwa na jembe. Zibeni mashimo ya fuko, ng'oeni visiki, okoteni mawe. Fimbo ikigonga jiwe lililofichika, kifundo cha mkono ndicho kinacholipa.

## Hatua ya 6: Kujenga viduara vya mchanga (siku 3 kabla)

Nyasi laini za kusukumia mpira hamtazipata kwa wiki tatu. Mchanga ulioshindiliwa unafanya kazi, na viwanja vingi vya sehemu kavu duniani vimechezewa hivyo.

1. Chora duara la mita 6 kipenyo: kigingi katikati, kamba ya mita 3, chokaa pembeni.
2. Lima nyasi zote, sawazisha.
3. Changanya ndoo nne za mchanga na ndoo moja ya udongo wa kichuguu. Mchanga wa ufukweni usitumike: kuuchota kunaharibu pwani na kunahitaji kibali, na hata hivyo haushikani.
4. Jaribu mchanganyiko kwa mkono. Lowesha kidogo, finya konzi, fungua kiganja. Ukisambaratika, ongeza kichuguu. Ukibaki donge na kiganja kikachafuka tope, ongeza mchanga. Unaotakiwa unabaki na alama za vidole na kupasuka ukigusa kwa kidole gumba.
5. Mwaga unene wa sentimita 5, mwagia madumu matano ya lita 20, subiri maji yanywewe, kisha shindilia.
6. Chimba katikati, weka kokoto kidogo chini, zamisha kipande cha bomba. Kipimo rasmi cha shimo la gofu ni milimita 108, na bomba kwa kawaida huzamishwa chini kidogo ya uso. Kwenye mchanga ukilizamisha, mdomo unabomoka baada ya timu mbili. Liache lilingane na uso.
7. Simamisha mwanzi.

Sukuma mpira kwa mkono kutoka ukingoni. Ukienda bila kurukaruka na kuacha mstari mwembamba kama wa siafu, duara limekubali. Ukizama, shindilia tena.

Kusi hukausha mchanga usiku na kuupeperusha. Mwagieni maji jioni ya mwisho, kisha nyunyizieni kidogo alfajiri. Msitumie oili chafu kuushikisha, japo mtaambiwa. Inaingia ardhini na shamba si lenu.

## Hatua ya 7: Sheria za siku, zitoshe ukurasa mmoja

Wengi hawajawahi kushika fimbo, kwa hiyo chezeni mtindo wa kuchagua mpira bora (kwa Kiingereza, scramble). Wote wanne wanapiga, timu inachagua mpira uliokaa vizuri zaidi, wote wanapiga tena kutoka pale, mpaka mpira uingie. Timu inaandika idadi moja ya mikwaju kwa kila shimo, na yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Aliyekosa haaibiki na mjuzi hasubiri.

Ongezeni haya:

- Kila mchezaji lazima mikwaju yake isiyopungua miwili itumike. Bila sharti hili, mjuzi mmoja anacheza na watatu wanapiga picha.
- Nje ya duara, mpira unawekwa juu ya kipande cha zulia kabla ya kupigwa. Kinaokoa fimbo, mikono na nyasi za watu.
- Mwisho ni mikwaju 6 kwa shimo. Ikifika, andikeni 6, okoteni, endeleeni.
- Ndani ya duara, timu ikimaliza inaburuta gunia kutoka shimoni kwenda nje kwa mzunguko, kufuta nyayo. Likiburutwa kutoka nje kwenda ndani, mchanga unajikusanya mdomoni mwa shimo.
- Timu zote zinaanza pamoja kwa king'ora kimoja, kila moja kwenye shimo lake.
- Zikifungana, linganisheni jumla ya mashimo ya 4 hadi 9, kisha 7 hadi 9, kisha la 9. Ni kwa namba za kwenye kadi, si kwa mpangilio timu ilivyocheza. Lisemeni kabla, maana hapa ndipo ugomvi wa kikombe huanzia.

Onyo: hakuna mtoto wa kuokota mipira mbele ya wapigaji, hata akiomba. Neno la tahadhari liwe moja, "Mpira!", na wote wafundishwe kujikunja na kufunika kichwa badala ya kugeuka kutazama. Dereva wa gari la dharura ajue njia ya hospitali, Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi mjini, na funguo ziwe mfukoni mwake.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Saa 12:15 asubuhi. Wasimamizi wananyunyizia maji na kusimamisha bendera.

Saa 12:45. Wachezaji wanajiandikisha na kufundishwa kwa robo saa: kushika fimbo, kusimama, kutosogea nyuma ya anayepiga.

Saa 1:15. Dua na sala, dakika tatu tatu. Mmoja wa familia anamtaja marehemu kwa maneno yake. Asilazimishwe, kama hataki, linasomwa jina tu, na dakika moja ya ukimya.

Saa 1:30. King'ora. Kwa robo saa kila shimo, mtamaliza saa 3:45.

Mgeni rasmi aje kufunga, si kufungua. Liandikeni kwenye barua ya mwaliko: afike saa 4:00. Akichelewa, wachezaji wanakunywa chai, upepo hauwahusu tena. Mkimwalika kufungua saa 1:30 mtaanza saa 4:00, kusi likiwa limekomaa, na mipira itakwenda kwa jirani.

Kadi zikirudi, watu wawili wanajumlisha kila mmoja peke yake, nahodha wa timu anatia sahihi. Wakati huo mnada unaanza. Vitu vichache, vya huku: kinyago kimoja kizuri cha Kimakonde, kilo tano za korosho zilizobanguliwa, mkeka wa ukili, mbuzi. Sita vinatosha. Kila kinachouzwa kinalipwa palepale mezani kabla hakijabebwa.

Zawadi za washindi zisiwe fedha. Si vizuri timu kuondoka na bahasha nene kuliko ya mjane.

Dalili ya kufaulu: saa 5:30 viti vinakunjwa, na watu bado wamesimama kwenye shimo la 9 wakisoma jina.

## Hatua ya 9: Kutangaza na kukabidhi

Tangazeni kipazani kiasi kilichopokelewa tu. Ahadi zisomwe peke yake, kama ahadi. Hundi ya mfano, lile bango kubwa la picha, iandikwe kiasi kilicho kwenye akaunti asubuhi hiyo. Tena ulizeni familia kama inataka picha hiyo. Mama anayerudi kijijini huku mkoa mzima unajua ana milioni mbili hajasaidiwa, amewekwa hatarini.

Vitu vilivyoorodheshwa hatua ya 1 vinunuliwe ndani ya siku 14, wakiwapo mwanafamilia na mhazini, kwa risiti. Michango ya shule ilipwe shuleni moja kwa moja. Kinachobaki kiende kwenye akaunti ya mlezi aliyetajwa kwenye karatasi ya familia, si kwa anayejitokeza siku hiyo.

Bandikeni hesabu kwenye ofisi ya kata na kwenye kundi la simu la wachangiaji: kilichoingia, kilichonunuliwa, kilichobaki, na mfuko wa gharama upande wake. Ukurasa mmoja. Hata kama mfuko wa gharama uliishia na deni, liandikeni na jina la anayedaiwa: kamati, si familia.

Fimbo zihesabiwe kwa orodha ya picha na zirudi kwa basi la kesho yake. Mabomba yang'olewe, mashimo yafukiwe siku hiyohiyo, maana ng'ombe wa jirani hajui palikuwa na gofu.

Ahadi za wakulima ziandikiwe tarehe ya katikati ya Novemba, malipo ya mnada wa korosho yakishaingia. Pigeni simu mara mbili, kwa wiki mbili tofauti. Ya tatu msipige.